Miezi 14 bila pombe: nilivyotafuta kundi la wanaoacha, nilivyolipata, na yanayotokea ndani ya chumba kile

Fundi wa Sakina

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa sababu mwaka juzi nilikesha kwenye simu nikitafuta kwa Kiswahili mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kundi la watu wanaoacha pombe, anieleze tu huko ndani kukoje. Nilikuta mahubiri, nikakuta matangazo ya miti shamba ya kuachisha pombe kwa siku 3. Mtu wa kunieleza sikumpata. Basi ngoja niwe mimi.

Ni fundi umeme wa majumbani, nipo Arusha, kwetu ni Rombo. Nimekunywa tangu kidato cha pili. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia moyoni, nikajua sasa serikali imeniachisha. Wiki hiyo hiyo nikahamia kwenye gongo. Mwishoni nilikuwa naamka saa kumi usiku kuzimua, maana bila hivyo asubuhi siwezi kushika testa mkono ukatulia.

Siku moja nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mteja, najua kabisa nimezima meni swichi. Sikuwa nimezima. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyenivuta suruali nikashuka. Hakunisema hata neno. Jioni akaomba hesabu yake, nikamlipa, hakurudi tena. Nilisemwa na mke, na mama, na paroko, na nikaendelea kunywa. Lakini ule ukimya wa yule kijana sikuweza kulala nao.

Jina nililokuwa nalijua ni Alcoholics Anonymous, AA. Nilidhani ni mambo ya Wazungu kwenye filamu. Nikaja kusoma kwamba lilianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, na lilianza na watu wawili tu, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wote walevi walioshindikana. Walichogundua ni kitu kidogo: mlevi akikaa kuongea na mlevi mwenzake, ile hamu inapungua nguvu siku hiyo. Daktari huyo pamoja na elimu yake yote alishindwa kujitibu mwenyewe. Hilo lilinipa moyo.

Nilipata namba tatu za AA mtandaoni. Ya kwanza haipatikani. Ya pili iliita mpaka ikakata. Ya tatu akapokea mama mmoja, nyuma yake nasikia kuku. Hakuniuliza jina. Akaniuliza, "Umekunywa leo?" Nikasema ndiyo. "Unataka kuacha?" Nikasema, mama, sijui. Akasema, "Basi njoo hivyo hivyo." Akanipa siku, saa na alama za geti. Halafu akasema jambo ambalo nataka kila anayesoma hapa alishike: kama unakunywa kuanzia asubuhi usikate ghafla ukiwa peke yako, pita hospitali kwanza. Nilipita. Daktari alinianzishia dawa, akanilaza siku 4.

Siku ya mkutano nilipita lile geti mara mbili bila kuingia. Nikaenda dukani kununua vocha ambayo siihitaji, ili nikionekana nionekane nina shughuli. Mara ya tatu mzee mmoja alitoka kumwaga maji aliyooshea vikombe. Akaniangalia, akasema, "Karibu, chai iko tayari." Kama vile tulikuwa tumeagana jana.

Ndani ni chumba cha kawaida nyuma ya kanisa, viti vya plastiki, dirisha moja halifungi. Tulikuwa 9. Nilitegemea kukuta watu wa mitaroni. Nikakuta mwalimu, dereva wa watalii, kijana ambaye hata ndevu hazijajaa, na bibi wa umri wa mama yangu amevaa kitenge kizuri, amekaa wima. Yule mzee akanimiminia chai nusu kikombe. Kidogo nione vibaya, nikasema moyoni hapa hata chai ni ya kupimiwa. Halafu nikapokea kile kikombe, nikauona mkono wangu unavyocheza. Chai nusu kikombe haimwagiki. Mzee alikuwa anajua.

Mkutano ulichukua saa moja. Wanaanza na sala fupi ya kuomba utulivu, mmoja anasoma zile hatua 12 za AA za kuacha pombe, kisha anayetaka anaongea: anataja jina lake la kwanza, anasema mimi ni mlevi, anaeleza yake. Akimaliza anashukuriwa. Hakuna anayemkatiza na hakuna anayemshauri. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna ada. Kikapu kinapita kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na mgeni anaambiwa akipitishe tu. Unaweza ukakaa usiseme kitu, mimi nilikaa hivyo mikutano mitatu.

Yule bibi akaeleza alivyokuwa anaficha chupa ndani ya pipa la unga, akijua wakwe zake hawatachovya mkono huko. Mimi yangu nilikuwa naificha ndani ya bomba la PVC kwenye boksi la vifaa, nimeziba pande zote mbili kwa tepu ya umeme. Nilidhani ile akili ya kuziba bomba ni yangu peke yangu duniani. Nilitoka nje nikalia, nikarudi nikakaa.

Niseme wazi: kundi halikunifundisha kwamba pombe ni mbaya, hilo nililijua kuliko wote. Lilinipa mtu wa kumpigia simu saa kumi na moja jioni, saa ambayo kazi imeisha, hela ipo mfukoni na njia ya nyumbani inapita mbele ya grosari. Yule mzee wa chai ndiye mlezi wangu kwenye kundi mpaka leo. Miezi ya mwanzo nilimpigia kila siku, na mara nyingi hatukuongea cha maana. Ananiuliza nimefunga waya wapi leo, namweleza, wakati naongea tayari nimeshaipita ile grosari.

Wiki ya tatu nilianguka. Nilikunywa siku mbili. Niliporudi sikuulizwa kwa nini. Nikamiminiwa tena nusu kikombe, nikaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Hiyo miezi 14 ni kuanzia hapo.

Ulizeni chochote.

Mnyalu wa Makambako

Mkuu, nimesoma mara mbili. Swali langu ni nyumbani. Kwetu ulanzi hauhesabiwi kuwa pombe. Mgeni akifika ni ulanzi, vibarua wakimaliza shamba ni ulanzi. Ukikataa unaonekana umewadharau. Huko Rombo unafanyaje na mbege?

Fundi wa Sakina

Mkuu umegusa penyewe. Desemba ilikuwa kazi kuliko miezi yote. Unajua sisi Krismasi lazima upande mlimani, usipoenda ukoo wote unauliza una nini. Na mbege siyo kinywaji tu. Ndizi zinapikwa, zinachachushwa, ulezi unatiwa, ni siku kadhaa za kazi ya akina mama, na kata ikikufikia imebeba heshima ya aliyekupa. Kuna magomvi ya ukoo ambayo bila mbege hayasuluhishwi.

Nilimpigia mlezi kabla sijapanda. Akaniambia nisiende na hotuba, niende na mtu mmoja anayejua. Basi nikampigia baba mdogo wiki moja kabla, nikamweleza yote, pamoja na ile siku ya ngazi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Njoo mwanangu." Siku yenyewe kata ikaanza kuzunguka. Ilipofika kwangu niliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, sikuigusisha mdomo, nikampa baba mdogo aliyekuwa amekaa kulia kwangu kwa makusudi. Akanywa, akaipitisha mbele. Hakuna aliyesema neno. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba nikampigia mzee, tukaongea nusu saa. Saa kumi jioni nikashuka Himo, sikulala. Mwaka huu nitajaribu kulala.

MamaWawili

Hongera kaka yangu. Mimi ni mke wa mtu kama ulivyokuwa wewe. Naomba niulize bila kuficha. Kuna dada ananiuzia vidonge vya kusaga nimtilie mume kwenye mboga bila yeye kujua, eti akinywa atatapika mpaka aichukie pombe. Nimeshalipa nusu. Nimechoka, watoto wanamuogopa baba yao. Nifanye?

Nesi wa Zamu

MamaWawili, dada yangu, nakuomba usimtilie. Mimi ni muuguzi, miaka 11 wodini. Ipo dawa halali inayofanya kazi hivyo, inaitwa disulfiramu. Inazuia mwili kuivunja pombe mpaka mwisho, sumu ya katikati inabaki kwenye damu. Mtu akinywa juu yake uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inaweza kushuka vibaya. Wenye moyo au ini bovu wanaweza kufa. Ndiyo maana anapewa mtu anayejua na aliyekubali, akiwa amekaa angalau saa 12 bila pombe, baada ya kupimwa. Na inakaa mwilini hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Unayeuziwa na huyo dada huna hata uhakika ni hiyo.

Na kwa wote, nakazia alichosema mleta uzi. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla, kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 mpaka 24. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza. Siku ya 2 mpaka ya 4 wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, joto linapanda. Hali hiyo inaua. Nimepokea wagonjwa waliozungushwa kwa mganga na kwenye maombezi siku nzima kwa kuwa ndugu walidhani wamerogwa, wakati dawa ya kumtuliza ni diazepamu, na vitamini B1 ambayo tunataka itangulie kabla ya dripu ya sukari. Mkifika hospitali semeni ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Mkisema "anakunywa kidogo" mnatufanya tupime vibaya.

Fundi wa Sakina

Asante sana Nesi. Dada MamaWawili, kuna mikutano kwa ajili ya ndugu wa walevi pia, inaitwa Al-Anon. Ilianzishwa mwaka 1951, na mmoja wa waanzilishi ni mke wa mmoja wa wale wawili wa AA. Mke wangu alianza kuhudhuria ya mtandaoni kabla mimi sijaacha. Mimi nikiwa bado nakunywa, yeye aliacha kunipigia bosi simu kusema naumwa malaria. Nilimchukia kwa hilo. Leo namshukuru. Na watoto wakiwa hatarini, dada, ondoka nao kwanza, kundi litafuata.

Kijana wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na kwetu kunywa ni aibu mara mbili, unakunywa kwa kificho na unaumwa kwa kificho. Hayo makundi yako makanisani, mnafungua na sala. Nikionekana naingia nitasema nini kwa watu?

Fundi wa Sakina

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kanisa linatukodisha chumba tu kwa sababu ni bei nafuu, siyo kundi lao. Kwenye hatua zile Mungu ametajwa, lakini imeandikwa Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu. Kundini kwetu kuna Waislamu wawili, wakati wa Ramadhani walikuwa wanakuja na tende tunafuturu pamoja. Lakini woga wa kuonekana siwezi kuupuuza. Anza na mikutano ya mtandaoni, unaingia na jina lolote, kamera umezima. Mengi ni ya Kiingereza, yapo na ya Kiswahili ya watu wa Kenya na Tanzania, mtu akikuamini anakutumia kiungo.

Mtu wa Kapsoya

Niko Eldoret. Kwa Wakenya wanaosoma, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini 1192, haulipi, inapokelewa na mtu aliyesomea. Mimi nilianzia hapo, saa nane usiku. Sheria ya 2010 ilipofanya baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, mimi nilihamia kwa chang'aa ya mtaani kwa sababu haina saa. Nairobi mikutano iko kila siku ya wiki. Mlezi wangu aliniambia nihudhurie 90 kwa siku 90, hapa Eldoret nilichanganya ya ana kwa ana na ya simu nikafikisha. Naona aibu kidogo kusema lakini nitasema: siku ya 61 ndiyo siku ya kwanza nilisikia ladha ya chakula.

Mpita Njia wa Dom

Naheshimu uzoefu wa mleta mada ila watu wasiambiwe upande mmoja. Mimi nilikwenda kundi moja, mkoa sitaji. Mwezi wa pili nikasikia habari zangu ofisini kwetu, tena kwa maneno yale yale niliyoyasema pale kwenye kiti. Kuna mtu aliyatoa. Nilipoteza nafasi ya kupandishwa cheo. Niliacha kundi, nikaenda kliniki ya afya ya akili, nikapata mshauri, nina miaka 3 sinywi. Kwa hiyo kundi siyo njia pekee.

Fundi wa Sakina

Pole sana mkuu, na sitalitetea kundi kwa hilo. Ulichofanyiwa ni uvunjaji wa jambo la kwanza kabisa tunaloahidiana, kwamba kinachosemwa humu kinabaki humu. Lakini ahadi hiyo inalindwa na watu, na watu wengine hawana kifua. Kwa hiyo nawaambia wageni: mikutano ya mwanzo sikiliza. Usitaje kazini kwako, usitaje jina la pili. Pima watu kwanza. Miaka 3 kwa kliniki ni ushindi ule ule, naomba ubaki kwenye uzi huu.

Nesi wa Zamu

Niongeze hapo. Mwaka 2020 yalitoka mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, tafiti 27, washiriki zaidi ya 10,000. Yalionyesha kwamba AA na tiba zinazomuelekeza mtu kwenye AA kwa kufuata mwongozo zinafanya vizuri kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo katika kumfanya mtu akae bila kunywa kabisa, na kwa mambo mengine zinalingana. Kwa hiyo kliniki na kundi havigombani. Wagonjwa wangu wanaofanya vizuri wengi wana vyote viwili.

Binti Uru

Nimesajili akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Nina miaka 33, mama wa mtoto mmoja, nakunywa chumbani usiku mtoto akilala. Hakuna anayejua. Nikiwaza kuingia chumba kilichojaa wanaume nasikia kutapika.

Fundi wa Sakina

Dada, nimemwonyesha uzi huu yule mama wa kuku aliyepokea simu yangu. Kanituma nikuandikie hivi, maneno yake: "Mwambie asiingie peke yake. Tutakutana nje, tukanunue nyanya kwanza, tuingie pamoja, na akae karibu na mlango." Kaongeza nikuambie kuwa mwanamume yeyote wa kundini akikuomba namba mwezi wa kwanza usimpe, hata akisema ni kwa ajili ya kukusaidia. Namba chukua za wanawake. Niandikie faragha nikuunganishe naye. Yeye alikunywa chumbani miaka 9.

Binti Uru

Nimekuandikia.

Mwana Babati

Shikamooni wakubwa. Mimi huku Babati sijasikia kundi lolote. Nauli ya kwenda Arusha kila wiki siiwezi. Nina siku 5, hospitali walinipa dawa, nimerudi nyumbani leo. Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni na mtaani muziki umeshafunguliwa. Nafanyaje?

Fundi wa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Angalia ujumbe wa faragha, namba yangu iko pale, piga sasa hivi. Kama huna salio nibipu.

Na kuhusu kundi: AA wenyewe wanasema walevi wawili au watatu wakikutana ili waache kunywa, hilo ni kundi tayari, mradi halijafungamana na chama au taasisi nyingine. Halisajiliwi. Unahitaji mwenzako mmoja.

Msomaji Kimya

Mimi huwa sichangii, nasoma tu. Mwana Babati, mimi pia nipo Babati, upande wa kuelekea Singida. Siku 19. Nimekutumia ujumbe.

Mtu wa Kapsoya

Mimi nimekaa hapa nasubiri habari za Babati.

Mwana Babati

Wakuu, Jumamosi tulikutana. Tulikaa nyuma ya duka lake, juu ya kreti za soda. Hatukujua tuanzeje, tukawa tunacheka cheka tu. Kaka Fundi alikuwa amenitumia zile hatua kwenye simu, nikasoma, halafu yeye akasema jina lake. Tumeongea dakika 40. Mkewe alileta chai kwenye birika, nikamwomba animiminie nusu. Jumamosi tena, saa kumi.